Tafakuri ya Siku ya 12: Kilo Zinazoanguka Chini



Ndugu zangu wa Karagwe na Kyerwa, na nyinyi mlio mbali mnaotufuatilia humu, Allah azipokee funga zetu.

Juzi baada ya tarawehe ndugu mmoja alinishika mkono nje ya msikiti. Ana kiwanda kidogo: ananunua mahindi, anakoboa, anasaga, anafunga sembe kwenye mifuko ya kilo 25 na kupeleka madukani. Ameniruhusu nisimulie, ila jina na mahali niviache. Akasema, "Shekhe, faida imekwisha. Nimebakiwa na njia mbili: nimwachishe kazi kijana mmoja, au mfuko uwe na kilo 24 na nusu. Wenzangu wanafanya hivyo."

Hiyo njia ya pili haina mjadala. Suratul-Mutaffifin inaanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo, na wengi wetu tumeihifadhi tangu madrasa. Mtu afunge toka alfajiri hadi magharibi, halafu ampunje mwenzake nusu kilo ya unga wa uji wa futari? Kuhusu kijana nikamwambia, "Usiamue leo. Kesho nije tuangalie."

Mimi ni mwalimu, si fundi wa mashine. Lakini niliyoyaona hata mwanafunzi wangu angeyaona. Mashine inanguruma tupu huku vijana wakitafuta magunia, na uniti za LUKU zinakwenda. Chekeche limechanika. Mdomo wa mashine haushiki vizuri kwenye mfuko, unga unamwagika, jioni unafagiliwa nje. Pumba zimerundikwa chini nyuma ya banda, zimenyeshewa, zimeota ukungu. Na mahindi mengine alinunua mabichi. Jamani, kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, ukinunua mabichi umelipia maji kwa bei ya mahindi!

Tukapiga hesabu ya haraka. Tuseme zinapotea kilo 15 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni kilo 390, zaidi ya mifuko 15 ya kilo 25 kila mwezi. Akanyamaza. Alikuwa anatafuta nusu kilo kwenye mfuko wa mteja, na kilo zake mwenyewe ziko chini ya miguu yake.

Ndugu zangu, dini yetu haikuliacha hili. Mtume (s.a.w.) alimwona kondoo aliyekufa, wa mtumwa aliyeachwa huru wa Bibi Maymuna, akauliza kwa nini hawakunufaika na ngozi yake. Wakasema ni mzoga. Akawaeleza kuwa kilichoharamishwa ni kumla. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Angalieni: kondoo amekufa, hasara imeshaingia, na bado Mtume anauliza kuhusu kilichobaki. Sasa sisi pumba zetu, maranda yetu ya mbao, maganda yetu ya kahawa, tukiulizwa tutajibu nini? Na katika Suratul-Israa, aya ya 26 na 27, Allah amewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani. Tusidhani inawahusu matajiri wa harusi kubwa peke yao.

Ila tahadhari. Unga uliofagiliwa sakafuni usirudishwe kwenye mfuko wa mteja. Huo uuze kama chakula cha kuku, na useme ni wa kuku. Na mahindi uliyoletewa na mtu kusagiwa ni amana. Kinachobaki kwenye mashine ni chake, mpaka akuachie kwa ridhaa yake. Kubana matumizi kusiwe mlango wa kula cha watu.

Yule ndugu ameshashona chekeche na kuweka mbao chini ya pumba. Yule kijana aliyekuwa aondolewe ndiye sasa anaandika kila jioni kilichoingia na kilichotoka. Kama itatosha, tutajua mwisho wa mwezi. Mombeeni.

Na mimi nisijitoe. Nilirudi msikitini nikaona bomba la kutawadhia linadondoka. Linadondoka tangu Shaaban, nalipita mara tano kwa siku! Mtume alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja tu cha maji. Leo asubuhi tumebadilisha koki.

Zoezi la leo: kabla ya Alasiri, zunguka mahali pako pa kazi, iwe karakana, mashine, tanuri la mikate au jiko la mgahawa. Andika vitu vitatu vinavyopotea. Kimoja kizibe leo hii. Na wenye kahawa, msimu unakuja: tengenezeni vichanja na turubai mapema, msianike chini kwenye udongo.

Ewe Mola, tubarikie katika kichache tulicho nacho, utukinge na israfu na dhulma ya mizani. Aamin.

Wassalaam alaykum. Tukutane kesho, inshaallah.