Kabla Hujafunga Hiyo Puli

Mjukuu wangu, nimesikia umenunua puli ndogo ya supachaja, ili izunguke kwa kasi na kuisukumia injini hewa nyingi zaidi. Kabla hujashika spana, keti hapa kidogo.

Sikukatazi nguvu. Nakukataza haraka.

Unajua supachaja ya aina yako ilizaliwa wapi? Indiana, Marekani. Mwaka 1860 ndugu wawili wa ukoo wa Roots waliipatia hataza, na kazi yake ilikuwa kupulizia hewa matanuri. Imelelewa kando ya moto, na moto haijausahau.

Umewahi kushika pampu ya baiskeli ukishajaza tairi? Inachoma. Hewa ikibanwa hupata joto. Chukua hewa ya nyuzi 30, ibane shinikizo lifike mara 1.7: hata supachaja isiyo na dosari ingeitoa ikiwa na nyuzi 80 hivi. Na yako ina dosari, mwanangu. Hewa yake yaweza kuvuka nyuzi 100. Ikiingia hivyo kwenye silinda, petroli hulipuka yenyewe, nje ya zamu yake. Utasikia kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo.

Ukisikia hivyo, nakusihi, toa mguu. Mimi nilijifanya kiziwi. Nilipokuja kuifungua injini, pistoni ya tatu ilikuwa na tundu la kupitisha kidole.

Joto ni mgeni, mjukuu wangu. Usimwite kabla hujamtobolea mlango wa kutokea.

Utaniambia una intakula ya maji ya kuipoza hewa hiyo. Vizuri. Lakini ina rejeta yake na pampu yake? Maana nilikuona ukimimina barafu kwenye tangi lake. Barafu ni ya wale wanaokimbia sekunde kumi wakarudi kivulini. Wewe unakwenda mashindano ya Rhino Charge, saa kumi nzima za vichaka na mawe, na huko tangu 1989 mshindi si mwenye mbio, ni aliyepita vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi. Unapanda mwamba mwendo wa kobe huku injini inanguruma. Mwendo huo hauna upepo. Upepo wako wote ni feni.

Basi zitunze feni. Zifungie kava linalofunika rejeta nzima, na uzibe kila mwanya wa pembeni, kwani hewa ni kama mbuzi aliyeshiba, haipiti kwenye miiba palipo na uwazi. Usipange rejeta tatu moja nyuma ya nyingine. Ya mwisho itapepewa kwa hewa iliyokwisha kuungua. Ukitaka kuihamishia rejeta nyuma ya gari, mbali na matope na visiki, hamisha. Ila mabomba marefu huficha hewa ndani, kwa hiyo tangi la kutolea hewa liwe juu kuliko vyote. Halafu hakikisha altaneta inaweza kulisha feni zote na pampu kwa pamoja, gari likiwa limesimama.

Na fundi atakayekwambia utoe thamostati ili maji yakimbie, mpe chai, umuage. Asubuhi injini italika kwa baridi, na mchana bado itachemka, kwa sababu shida ilikuwa feni.

Sasa nisikilize hili kuliko yote. Weka geji mbili, moja ya maji na moja ya hewa inayotoka kwenye intakula. Ile ya maji ikipanda utaogopa mwenyewe, sina shaka. Ninachohofia ni siku itakaposhuka ghafla katikati ya kilima. Usishangilie! Maji yakimwagika yote, kihisi hubaki kikavu, na kihisi kikavu husema uongo. Zima injini. Nakuomba, zima, hata kama wenzako wanakupita wakicheka. Wala usimwagie maji ya baridi silinda hedi iliyoungua; itapasuka, na hapo utaifuta jasho kwa noti.

Jumamosi niletee gari, na ile puli iache ndani ya boksi lake. Tutaanza na maji. Ukifika injini ingali moto, kifuniko cha rejeta usikiguse. Nitakifungua mwenyewe kwa tambara, tukishamaliza kahawa.