Je, Bahari Haina Mwenyewe?

Mvuvi wa baruti akikatazwa hujibu: "Bahari haina mwenyewe." Na mtu wa Rahaleo anunuaye samaki wake husema: "Mimi sikurusha kitu, nimenunua kwa fedha yangu." Maneno hayo mawili yapasa kupimwa.

Ama la kwanza, na litazamwe umbo la bahari yenyewe. Uko mkondo mkubwa utokao mashariki, hupita ncha ya kaskazini ya Bukini, kisiwa kiitwacho leo Madagaska, ukafika bara karibu na Rasi Delgado, kusini ya mlango wa mto Ruvuma. Hapo hugawanyika: tawi moja huenda kusini, na la pili hushika njia ya kaskazini, likipita pwani ya Msimbati na Ghuba ya Mnazi, kisha Lindi, Kilwa na Mafia, na wakati wa kusi nguvu yake huzidi. Samaki wengi wa miambani hawalei mayai yao, huyaachia maji, na vitoto huchukuliwa siku nyingi kabla ya kupata mwamba wa kukaa. Basi kizazi cha Msimbati huenda kikawa riziki ya mtu wa Kilwa, na mtu wa Msimbati naye hula vilivyotoka visiwa asivyovijua. Kisima cha mji hakina mwenyewe mmoja, wala hapana aruhusiwaye kukibomoa ili ajaze mtungi wake.

Baruti huua changu mkubwa pamoja na kitoto chake. Wengi huzama wasiokotwe, na matumbawe huvunjika yakawa kokoto zibingirikazo, machanga yasipate pa kushika. Sheria imekataza, na tangu mwaka 2000 ghuba hiyo na mikoko ya Ruvuma, kadiri ya kilomita za mraba 650, ni hifadhi ya bahari. Insafu yataka isemwe pia kwamba mwenye mtumbwi mdogo, akizuiliwa mwamba wa karibu, hana chombo cha kumfikisha mbali.

Ama la pili, ndilo gumu. Wanavyuoni wa Kishafii wamehalalisha samaki wa bahari hata akiwa amekufa, na wengi hukomea hapo. Lakini uhalali wa nyama ni suala moja, na kumsaidia mdhulumu ni lingine. Mrusha baruti hutia fedha yake majini kwa kuwa ajua yuko mnunuzi. Na samaki huyo hujulikana: nyama imelegea, mifupa imevunjika, damu imevilia ndani. Mpishi ampasuaye huyaona hayo jikoni, na kesho hurudi kwa muuzaji yule yule, wala hamwulizi.