Umbali Nao ni Kodi

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19, Mungu anawaagiza Waisraeli watenge miji ya makimbilio kwa ajili ya mtu aliyeua pasipo kukusudia. Agizo haliishii hapo. Waitengeneze njia na kuigawa nchi mafungu matatu, mkimbizi asije akafa kwa sababu njia ilikuwa ndefu. Kimbilio lisilofikika si kimbilio. Mbele za Mungu, umbali ni jambo la haki.

Tuitazame Dar es Salaam kwa jicho hilo. Wakoloni waliigawa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi ili kuwatenga watu. Leo sheria haipangi watu kwa rangi. Hata hivyo viwanja bado hupimwa kwa ujazo mdogo, wa kati na mkubwa. Oysterbay, karibu na mjini, nyumba moja yaweza kukalia eneo ambalo kwingine lingebeba familia nyingi. Asiyeimudu bei husogea Mbagala au Chanika, ambako kodi ni nafuu.

Je, ni nafuu kweli? Mama anayefanya usafi maofisini Posta na kulala Chanika huondoka kabla ya alfajiri, akarudi watoto wamelala. Alichookoa kwenye kodi hukilipa kwa nauli, kwa usingizi na kwa malezi. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, ni msaada mkubwa. Lakini barabara njema huvuta wenye fedha, bei ya ardhi kando yake ikapanda, na mpangaji akafungasha tena.

Wapo watakaosema kwamba mipango miji ni kazi ya serikali, si ya kanisa. Ni kweli mji usiopangwa huwaumiza maskini kwanza; mafuriko ya bonde la Msimbazi yanatosha kutufundisha. Mipango ni njema. Swali ni nani anabebeshwa gharama yake.

Na swali hilo linatuhusu. Makanisa mengi yana viwanja katikati ya miji. Kamati ya ujenzi inapoketi kuchagua kati ya maduka ya kupangisha na vyumba vya kodi ndogo, inaamua pia nani atawaona watoto wake jioni. Tukimpenda jirani, tusimfanye aishi mbali kiasi kwamba hawezi tena kuwa jirani.