Ni Nani Aliyetenda Dhambi?



Majuzi mama mmoja wa kanisa letu alikuja kuniona baada ya ibada. Ameniruhusu niandike haya bila jina. Kijana wake wa miaka 16 alikuwa amepatikana na ugonjwa wa figo, na masikio pia yameanza kufifia. Kaka zake wawili mama huyu walikufa hivyo hivyo kabla ya miaka 30. Kwao husemwa ni laana ya ukoo, kwa hivyo aliniomba niivunje. Nami, bila kuuliza swali hata moja, nikakemea laana. Aliondoka akiwa na mzigo mzito kuliko ule aliokuja nao.

Wiki iliyofuata aliniomba nimsindikize kwa daktari. Ugonjwa huo unaitwa Alport, kwa jina la daktari aliyeandika mwaka wa 1927 kuhusu familia moja ya Uingereza: damu kwenye mkojo, uziwi, wanaume wakifa mapema na wanawake wakiishi hadi uzeeni. Kila figo ina vichujio vidogo kama milioni moja. Kuta zake zimefumwa kwa nyuzi za protini, na katika ugonjwa huu maagizo ya kufuma nyuzi hizo yana kasoro. Basi kichujio huvuja: kwanza damu ambayo macho hayaioni, kisha protini, halafu makovu, mwishowe figo zinafeli. Sikio la ndani nalo lina nyuzi hizo hizo.

Mara nyingi kasoro hiyo iko kwenye kromosomu X. Mama aliyeibeba ana nafasi nusu kwa nusu ya kumpitishia kila mtoto. Wavulana huumia zaidi kwa kuwa wana X moja tu.

"Kwa hivyo ni mimi nilimpa," mama akasema.

Nilikosa jibu pale. Nimelitafuta tangu siku hiyo. Nilisomea biashara, na kule tulifundishwa kwamba deni lina mtu aliyelikubali. Huyu mama hakukubali chochote. Alimpa mwanawe alichopewa, pamoja na sura yake na kicheko chake. Katika Yohana 9 wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, kipofu au wazazi wake, na Yesu akakataa majibu yote mawili. Mimi nilikuwa nimechagua moja.

Lakini wapendwa, mambo hayaishii hapo. Mama huyu ana dada mwenye wavulana wawili. Dada naye anaweza kuwa ameibeba kasoro hiyo bila kujua. "Pasta, nikimwambia, si watasema ukoo wetu una ugonjwa? Wasichana wetu wataolewa na nani?"

Hofu hiyo si ya bure, naielewa. Ila wakati kasoro hii ilipopita kwa damu, hakuna aliyejua. Sasa anajua. Bila matibabu, karibu nusu ya wavulana wenye aina hii figo zao hufeli kufikia miaka 25. Ugonjwa hauna tiba ya kuuondoa, lakini kuna dawa za presha ambazo zikianzwa mapema huchelewesha figo kufeli kwa miaka mingi. Na kipimo cha kwanza ni mkojo tu kwenye kikombe. Kwa hivyo kila mwaka wa kunyamaza, ni wale wavulana wanaoulipia.

Nilimwomba msamaha kwa maombi yale ya kwanza. Tukaomba tena, safari hii tukiomba ujasiri, na akampigia dada yake simu akiwa ameketi ofisini kwangu. Dada alilia, kisha akakasirika, kisha akauliza hospitali gani. Majibu ya watoto hatujayapata.

Kama kwenu kuna waliozikwa wakiwa vijana na hakuna anayetaja waliugua nini, uliza wiki hii. Uliza kwa upole, maana unayemuuliza huenda amejilaumu miaka mingi. Ukipata jibu, wapigie ndugu zako. Kisha njooni, tutaomba pamoja.

Mungu awabariki.