Fidia na Elimu ya Bahari

Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia kwa hasara waliyoipata katika ujenzi wa bandari mpya. Hiyo ni haki yao. Lakini twauliza: je, fidia yaweza kumfundisha mtoto kusuka lema, kuzijua pepo za kusi na kaskazi, na kupambanua bamvua na maji mafu? Elimu hiyo imo vifuani mwa wazee. Kila azikwapo mmoja, huzikwa nayo.

Maulamaa wamezihesabu kazi zinazohitajiwa na umma kuwa ni faradhi ya kifaya: zikiachwa na wote, wote wana dhambi. Basi tusiwalaumu wakubwa peke yao. Ni sisi tulioudharau uvuvi mbele ya watoto wetu. Mtoto atokapo chuoni, na apande mashua pamoja na babu yake.