Simu, Gemu na Udongo wa Kwetu: Mkristo Mkimbizi Afanyeje?



Katika toleo hili tunajibu swali ambalo vijana wametuletea mara nyingi baada ya mafundisho, na ambalo wazazi nao wanaliuliza kwa namna yao. Swali ni hili: je, ni halali kwa Mkristo aliyekimbia vita vya Kivu kushika simu ya mkononi, au kucheza gemu kwenye televisheni, wakati vitu hivyo hutengenezwa kwa madini yanayotoka katika ardhi aliyoikimbia? Wengine wanasema simu ni damu, itupwe. Wengine wanasema simu ni chombo tu, haina dhambi wala haki. Kila upande una aya zake za Biblia. Sisi wachungaji na wazee tumeona si vema kulijibu kwa neno moja, maana limeanza kutenganisha watu wa nyumba moja.

KWANZA TUJUE TUNACHOKISHIKA

Ndani ya simu mna vipande vidogo kuliko punje ya mchele, viitwavyo kapasita. Kazi yake ni kutunza umeme kidogo na kuutoa kwa kipimo. Baadhi ya kapasita hutengenezwa kwa tantalamu, metali inayostahimili joto kali na kutu. Tantalamu hutolewa katika mawe meusi mazito ambayo sisi tuliotoka Masisi, Walikale na Kalehe tunayajua vizuri kwa jina la koltani. Bati linaloshikamanisha vipande vya simu hutokana na kasiterite, nayo iko kwetu. Kobalti iliyomo ndani ya betri nyingi huchimbwa sana upande wa Kolwezi, na Kongo peke yake hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia.

Mwaka 2000 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa mashine ya gemu iitwayo PlayStation 2, ambayo baadaye iliuzwa zaidi ya milioni 150. Wakati huohuo simu za mkononi zilikuwa zinaenea duniani kwa kasi. Viwanda vikagombania tantalamu, na kuelekea mwisho wa mwaka huo bei yake ikapanda mara kadhaa kwa muda wa miezi michache. Huko Kivu watu waliacha majembe, watoto waliacha shule, wakaenda kuchimba. Wenye bunduki wakawafuata, wakashika mashimo na kutoza kodi barabarani. Mwezi wa Novemba 2000 utawala wa RCD-Goma ukatoa haki ya kusafirisha koltani kwa kampuni moja tu. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na mchimbaji akabaki na shimo tupu na shamba lililoota majani. Aprili 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa ripoti iliyoeleza jinsi majeshi na vikundi vilivyokuwa vitani vilivyokuwa vikipora utajiri wa Kongo.

Mambo hayakuishia hapo. Rubaya, katika Masisi, ambako koltani nyingi hutoka, ilitwaliwa na M23 mwaka 2024. Goma ilitwaliwa Januari 2025 na Bukavu Februari 2025. Wako kati yetu ambao walikimbia siku hizo hizo.

Lakini tuseme ukweli wote, si nusu yake. Vita vya mwaka 1996 vilikuja kabla ya mashine ile ya gemu. Ugomvi wa ardhi, wa uraia na wa madaraka ulikuwapo kabla dunia haijajua neno koltani. Madini hayakuwasha moto huu. Yalikuwa kuni. Tukisema kwamba simu ndiyo iliyotufukuza nyumbani, tunawasamehe bure watu waliofanya maovu kwa mikono yao wenyewe.

MAJI YA KISIMA CHA BETHLEHEMU

Wanaosema simu itupwe hutukumbusha habari ya Daudi katika 2 Samweli 23. Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, mji wa kwao uliokuwa mikononi mwa adui. Mashujaa watatu wakapenya katikati ya jeshi, wakamletea. Daudi akakataa kuyanywa, akayamimina mbele za Bwana, kwa sababu aliona katika maji yale uhai wa watu waliojihatarisha. Je, sisi tunywe kwa furaha kutoka kisima cha kwetu, hali tunajua nani alikufa njiani?

Ni fundisho zuri, tena linatugusa, maana nasi tunakitamani kisima cha kwetu. Lakini tutazame mambo mawili. La kwanza, Daudi ndiye aliyetamani, na tamaa yake ndiyo iliyowatuma wale watatu. Je, mjane wa hapa anayenunua simu kuukuu, iliyokwisha kupita mikono mitatu, ndiye aliyemtuma mtoto wa Rubaya shimoni? La hasha. Yuko anayeamuru kwa bunduki. Yuko anayenunua mzigo na kubadilisha karatasi ili usijulikane ulikotoka. Yuko mwenye kiwanda asiyetaka kuuliza. Yuko mtu katika nchi tajiri anayebadilisha simu kila mwaka, hali ile ya zamani bado ni nzima. Mwisho kabisa yuko huyu mjane. Lawama hupimwa kwa uwezo wa kuchagua. Kusema kwamba hao wote wana lawama sawa ni kumsaidia mwenye lawama kubwa ajifiche katikati ya umati.

La pili, Daudi alipoyamwaga maji hakuna aliyeumia kwa kitendo hicho. Kwetu haikuwa hivyo. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kuzitaka kampuni zieleze kama madini yao yanatoka Kongo au nchi jirani. Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, hadi Machi 2011. Wanunuzi wengi wakaondoka. Nia ilikuwa njema, lakini wachimbaji wengi walikosa ada ya shule na pesa ya dawa, na wenye bunduki hawakuziweka chini. Tusidhani basi kwamba kukataa kununua ni njia safi isiyo na mtu wa kuilipia. Mara nyingi anayeilipia ni maskini yuleyule tuliyetaka kumtetea.

NYAMA YA SOKONI

Wanaosema simu ni chombo tu hutegemea maneno ya Mtume Paulo kwa Wakorintho, sura ya 8 na ya 10. Nyama nyingi ya sokoni huko ilikuwa imetolewa kwa sanamu kwanza. Paulo aliwaruhusu waumini wainunue na kuila bila kuchunguza ilikotoka, kwa kuwa dunia na vilivyomo ni mali ya Bwana. Hapo ndugu zetu hufunga kitabu. Lakini Paulo anaendelea. Anasema kwamba mtu akikuambia nyama hii imetolewa kwa sanamu, basi uiache kwa ajili ya huyo aliyekuambia.

Na sisi tumekwisha kuambiwa. Zaidi ya hayo, sisi wenyewe ndio mashahidi. Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, ambaye pia ni mhubiri, alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani huko Oslo mwaka 2018, aliwaambia waliomsikiliza kwamba hata yeye ana simu, na kwamba ndani yake mna madini ya nchi yake. Hakuwaambia waitupe. Aliwataka wadai vitu vitengenezwe kwa kuheshimu utu wa mwanadamu. Mtu aliyekwisha kujua hawezi kurudi kuwa kama asiyejua.

Katika jumuiya zetu yuko mama ambaye mume wake na mwanawe wa kwanza waliuawa karibu na machimbo. Mama huyu hagusi simu. Binti yake yuko mbali, na salamu zake humfikia kwa mdomo wa jirani. Vijana wakamwambia kwamba ana dhamiri dhaifu, kama wale wa Korintho waliogopa nyama. Hapo vijana walikosea. Wale wa Korintho walisumbuliwa na sanamu, ambayo Paulo anasema si kitu. Mama huyu anasumbuliwa na makaburi mawili, na kaburi ni kitu. Dhamiri yake si dhaifu. Yeye anajua zaidi yetu. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Kwa hiyo hatusemi tumvumilie. Tunasema tumsikilize. Jumuiya inaposali nyumbani kwake, simu zizimwe na ziachwe mbali. Naye asiwahukumu wanaozitumia, maana jirani anayempelekea salamu za binti yake hutumia chombo hichohicho kwa ajili ya upendo. Wote wawili wanaweza kusimama mbele za Mungu kwa uso safi, yule anayekataa kwa sababu anakumbuka, na yule anayetumia kwa sababu anapenda.

MASWALI MATATU YA KUJIPIMA

Jibu letu basi si "itupwe" wala "haina neno". Tunasema kwamba kitu kilichopita katika damu kinamdai anayekishika. Kinamdai akitumie kurekebisha kile ambacho vita viliharibu. Kila mmoja ajiulize maswali haya.

1. Je, simu yangu inawakaribisha waliotawanywa? Vita vimetupeleka katika nchi nyingi. Kwa simu tumejua nani yuko hai, tumefariji wafiwa, tumepokea pesa ya dawa, tumewapata ndugu ambao Msalaba Mwekundu uliwatafuta. Matumizi haya ni mema, na mtu asione haya kuyashukuru.

2. Je, simu yangu inakula chakula cha nani? Mgao umepunguzwa, nanyi mnajua. Baba akiuza mahindi ya watoto ili anunue vocha ya kuzungumza na dada yake mgonjwa, hilo ni jambo la kupimwa kwa huruma. Akiyauza ili abeti mpira kwenye simu, amewaibia walio wadogo kuliko yeye. Na kijana asione aibu kwa simu yake ya vibonyezo. Anayecheka simu ya mwenzake amesahau kwamba sote tulifika hapa na vifurushi.

3. Je, simu yangu inasema nini? Hili ndilo zito kuliko yote. Zinapita kwetu jumbe za sauti zinazotukana kabila fulani, zinazowaita watu wadudu au nyoka, zinazosema fulani si raia na auawe. Wako Wakristo wanaozisikiliza na kuzituma mbele, kisha Jumapili wanaimba kwaya. Wapendwa, hapa tunaishi kisima kimoja na watu wa kabila zote zile. Ikiwa chombo kilichotengenezwa kwa udongo wa Masisi kinatumika kuandaa vifo vingine huko Masisi, basi wale waliosema simu ni damu watakuwa wamesema kweli, na ni sisi tutakaokuwa tumeifanya iwe kweli. Ujumbe wa namna hiyo ukikufikia, ufutwe hapo hapo, na aliyekutumia aambiwe kwa upole kwamba umeufuta na kwa nini.

KUHUSU VIBANDA VYA GEMU

Wazazi wengi wanataka tuvilaani vibanda ambamo vijana hulipa ili wacheze mpira kwenye televisheni. Hatuwezi. Kijana asiye na kazi, asiyeruhusiwa kwenda mbali bila kibali, ambaye anacheka na wenzake kwa nusu saa, hajamkosea Mungu. Kicheko si adui wa imani, na hapa kwetu ni haba.

Lakini tunawaomba wenye vibanda mambo mawili. Watoto wasiingie saa za shule. Na gemu za kupigana kwa bunduki msiwawekee watoto. Kwa mtoto wa nchi yenye amani huenda huo ni mchezo tu. Mtoto wetu aliyelala chini ya kitanda risasi zikipita anajifunza kitu kingine, yaani kwamba aliye upande wa bunduki ndiye anayeshinda. Tusilipe pesa ili afundishwe hivyo mara ya pili.

MAMBO YA KUTENDA

Kilichoharibika kitengenezwe kabla ya kununua kingine. Mafundi simu wetu, wanaokaa juani na bisibisi ndogo, wanafanya kazi ya heshima, maana kila simu inayofufuka mezani pao huchelewesha hitaji la simu nyingine mpya. Betri iliyokufa isitupwe mashambani wala karibu na maji.

Nanyi mtakaopata nafasi ya kwenda Marekani, Kanada, Australia au Ulaya, mnakwenda kwa watu wenye uwezo mkubwa wa kuchagua. Tangu mwaka 2021 Umoja wa Ulaya una sheria ya kuwataka waagizaji wa bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu wachunguze madini hayo yanakotoka. Sheria bila mashahidi hulala. Ninyi ni mashahidi. Waambieni majirani zenu wapya, bila hasira na bila kuongeza chumvi, ni nini kinachopita mikononi mwao na ni nani aliyekichimba. Na msiwe ninyi wa kwanza kutupa simu nzima kwa sababu imetoka nyingine inayong'aa.

Tuwaombee wanaochimba usiku huu, na wanaowatoza kodi pia, ili mioyo yao igeuke. Mungu awatunze ninyi na nyumba zenu, awakutanishe na wale mnaowatafuta. Amina.