Kumtumaini Mungu si Kumjaribu

Mkatekumeni hufundishwa tangu siku za kwanza kwamba Mungu ni Baba, wala hasahau hata ndege mmoja. Asubuhi husali kwa imani hiyo, kisha huchukua jembe na kwenda shambani. Lakini siku moja ugonjwa huingia nyumbani, na hapo huzuka swali zito: Mtu amtumainiye Mungu kweli kweli, yafaa atafute dawa? Je, kutafuta dawa si dalili ya imani haba?

Katika nchi ya Beni na Butembo swali hilo halikuwa la maneno matupu. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Ebola umeonekana Mangina, karibu na Beni. Haukukoma ila tarehe 25 Juni 2020. Katika Kivu ya Kaskazini na majimbo jirani watu 3,470 waliupata, nao 2,287 wakafa. Ugonjwa huo huambukizwa kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili wa mgonjwa. Tena maiti huambukiza zaidi.

Watu wa nchi ile walikuwa wamekwisha kuteswa sana. Tangu Oktoba 2014 wauaji walikuwa wakivamia vijiji vya Beni, na msaada ulichelewa. Basi walipoona wageni wengi wakija na magari kwa ajili ya ugonjwa mmoja, wengi waliingiwa na shaka. Wengine, nao walikuwa watu wa sala, walisema: "Mlinzi wetu ni Mungu, chanjo ya nini?" Wale wa kwanza wasihukumiwe upesi, kwa maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Neno la hawa wa pili lapaswa kupimwa kwa mafundisho ya dini.

Injili ya Mathayo, sura ya 4, yasimulia jinsi Shetani alivyomsimamisha Bwana Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamshawishi ajitupe chini, eti malaika watamdaka. Bwana alikataa. Je, hakumtumaini Baba yake? Alimtumaini kuliko watu wote. Lakini alijua kwamba kumlazimisha Mungu atende mwujiza bila haja ni kumjaribu.

Kwa hiyo ziko dhambi mbili zinazopingana na fadhila ya matumaini. Ya kwanza ni kukata tamaa: mtu husema Mungu amemwacha, basi hakuna la kufanya. Ya pili ni kutumaini kwa ujeuri: mtu husema Mungu atafanya yote, basi hakuna la kufanya. Mmoja amesahau wema wa Mungu, mwingine amesahau wajibu wake. Na wote wawili huketi wamekunja mikono.

Mkulima wa milima ya Lubero alijua jambo hilo bila kusoma kitabu. Haombi mvua huku mbegu za maharagwe zimelala ghalani. Hupanda, hupalilia, kisha hulala usingizi, kwa maana kuotesha si kazi yake. Mvua yatoka kwa Mungu, na nguvu za mkono zatoka kwake vilevile. Dawa nayo ni hivyo. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, afundisha kwamba tabibu aheshimiwe, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba. Tena amwagiza mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi yake.

Lakini palikuwa na jambo gumu kuliko chanjo, nalo ni maziko. Kwa desturi jamaa humwosha marehemu wao, humvika, humgusa kwa mara ya mwisho. Sasa waliambiwa wasimame mbali, huku watu waliovaa nguo za kujikinga wakimtia katika mfuko na kumzika. Mama aliona kama anamtupa mwanawe. Tena, je, Kanisa halifundishi kwamba kuzika wafu ni tendo la huruma? Lafundisha. Lakini huruma haitimizwi kwa kuongeza makaburi. Aliyejizuia asimguse marehemu, ili watoto waliobaki wasife, alitenda huruma iliyomgharimu machozi. Hapo ndipo tumaini lilipopimwa: kuamini kwamba Mungu aliyemwumba mtu kwa mavumbi hatampoteza kwa sababu jamaa zake hawakumwosha. Mahali mkono wa mama usipofika, mkono wa Mungu hufika.

Je, wote waliosali na kutii waliokoka? La. Hata wauguzi walikufa wakiwatunza wengine. Kumtumaini Mungu si kununua usalama kwa sala. Ni kufanya kazi ya leo kwa uaminifu, na kuuweka mwisho wake mikononi mwa Baba, uwe uzima au kifo.

Tena Baba huitika kwa njia asiyoiwaza mtu. Katika Beni na Butembo baadhi ya waliopona Ebola walifanya kazi ya kuwatunza watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Miili yao ilikwisha kupata kinga, wakaweza kuwabeba watoto ambao wengine waliogopa kuwashika. Mama aliyelala kitandani akimwomba Mungu amlinde mtoto wake, alijibiwa kwa mikono ya mtu aliyetoka kitanda kama kile kile.

Basi ajiandaaye kwa Ubatizo asali kama mtoto wa Mungu, na afanye kazi kama mtumishi wake. Yaliyo mbali na mkono wake amwachie Baba; yaliyo karibu asimrudishie.

Maswali ya kutafakari nyumbani:
1. Kukata tamaa na kutumaini kwa ujeuri hufanana katika jambo gani?
2. Kwa nini Bwana Yesu alikataa kujitupa chini?
3. Ni kazi gani ya leo ambayo mkatekumeni amemwachia Mungu, ingawa Mungu amemwachia yeye?